Hakijawa Kisu Bado

4 Februari

Mwanangu,

Kosa la watu wengi wanaotaka kisu cha dukani kionekane kimetoka kwa mhunzi ni kukimbilia bapa. Wanalipaka matope, wanalifukia ardhini, wanalipiga mawe, kisha wanauacha mpini uleule wa plastiki na kushangaa kwa nini hakuna anayedanganyika. Jicho hudanganywa kirahisi. Mkono haudanganywi. Anza na mpini.

Naona nimeanza kufundisha kabla ya kusalimu, lakini anayenijua hatashangaa. Marahaba, mwanangu. Barua yako ilichukua siku kumi na moja njiani. Hapa hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto limekuwa kama bawaba isiyotiwa mafuta; nikiinuka, jirani anajua. Mjukuu wangu ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa kila akitaja jina langu anapiga mluzi. Umesema umeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba yenu ina masikio mengi. Sawa. Barua haina masikio, lakini ina macho, nayo macho yangu bado mazima.

Sasa kazi. Mpini wa plastiki ukate kwa msumeno wa chuma, pande zote mbili, taratibu, kisha uubanue. Usiuchome, moshi wake ni sumu. Ndani utakuta mkia wa bapa. Huo ndio utakaoshika mbao zako mbili, moja kila upande, na ribiti tatu za shaba za kuzibana.

Bapa lina mng'ao wa dukani na jina la kiwanda. Viondoe kwa msasa, ukisugua kwa urefu, si kwa kuzungusha. Mgongo wa kisu utie alama ndogo kwa tupa, kana kwamba nyundo imepita hapo. Usizipange. Baba yako alipokuwa akifua alipiga mapigo matatu mazito na moja la kupumzika, na pigo la kupumzika halikuanguka mahali pamoja mara mbili. Mwishowe funika bapa kwa siki nusu saa, lifute, nalo litakuwa la kijivu kama wingu la asubuhi. Jaribu kwanza kwa tone moja. Kama ulinunua chuma kisichoshika kutu, utakaa na siki yako mpaka uote mvi.

Na usiwe na haraka. Unakumbuka wateja walivyokuwa wakimsumbua baba yako kwenye karakana yake ya uhunzi? "Fundi, kisu changu tayari?" Naye bila kuinua kichwa: "Hicho si kisu, ni kazi. Hakijawa kisu bado." Mpaka mpini ulainike, hakukiita jina hilo. Mteja mmoja alimwambia, "Basi nipe hiyo kazi nikakatie nyama," akamjibu, "Kazi haikati nyama, inakata mdomo."

Nimebakiza maswali yako mawili ambayo hayajaniacha nilale vizuri mchana.

Umeuliza namna ya kuondoa makali yasirudi tena hata mtu akikinoa. Nimefundisha ufundi shuleni miaka thelathini na mmoja. Wanafunzi waliniita Tupa, kwa sababu nilimsugua mtu mpaka ang'ae. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza namna ya kutengeneza kisu kisichokata. Kisu cha namna hiyo ni cha nani?

Halafu umesema unataka mpini mweusi, wenye ribiti tatu, ya katikati ikae chini kidogo ya wenzake. Mwanangu, ribiti hiyo niliikosea mimi. Baba yako alifua bapa, mimi nikafunga mpini, nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kuna kisu kimoja tu duniani chenye kosa hilo. Kwa nini unataka viwe viwili?

Mkeo huweka mstari wake chini ya kila barua yako, wa kunitania. Safari hii hakuna. Mwambie nimeutafuta mpaka nyuma ya karatasi.

Shangazi yako


23 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu. Hapa wote wazima. Baba anakula vizuri na kulala vizuri. Mke wangu anakusalimu sana. Ana kazi nyingi, ndiyo maana hakuandika. Tumepata kazi ya sare za shule mia moja na arobaini. Mashati yamekwisha kushonwa, yamejaa mpaka chini ya meza ya kukatia, ila vifungo bado. Mwalimu mkuu amekuja mara mbili. Nimemwambia vifungo vinatoka mbali.

Kisu nilikinunua duka la vifaa vya ujenzi, chenye mpini wa kijani. Muuzaji akaniambia, "Hiki kinakata kamba, kinakata matawi, kinakata mpaka urafiki." Nikamwambia nataka cha kukata kamba tu. Mpini umetoka kama ulivyoelekeza, ingawa nimevunja meno ya msumeno wa watu. Tone la siki limeacha doa jeusi, kwa hiyo nadhani nimenunua chuma chenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, sina vipimo vya wahunzi. Nimepima kwa uzi, nimeutia ndani ya bahasha hii. Uzi mweupe ni urefu wa mpini, na kila fundo ni ribiti. Uzi mweusi ni unene wake pale kidole kidogo kinapokaa. Niambie kama mbao nizikate sawa na uzi au niongeze kidogo.

Kuhusu maswali yako, ni zawadi tu. Rafiki yangu anataka cha kutundika ukutani. Alikiona cha baba siku nyingi, akakipenda. Na cha ukutani hakihitaji makali, watoto wasije wakaumia. Tafadhali nijibu hilo la makali, ndilo limenikwamisha.

Mwanao


6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti liko palepale, halijaamua kama ni langu au la adui yangu. Hapa maji yamekatika siku tatu, na fundi bomba akija anaomba maji ya kunywa. Binti yangu amehamishiwa ofisi nyingine, karibu zaidi na nyumbani, anashukuru.

Nyuzi zako nimezilaza mezani chini ya taa. Uzi mweusi nikauzungusha kwenye kiganja, nikausogeza mpaka mahali pa kidole kidogo. Kukosea siwezi, mpini ule niliuchonga kwa kupima mkono wa baba yako siku ambayo yeye alikuwa na malengelenge na mimi nina hasira naye. Uzi huu haukupimwa kwa kumbukumbu. Umepimwa juu ya kisu chenyewe, na kipo karibu nawe kiasi cha kukifungia mafundo. Swali moja limejibiwa, yamezaliwa mawili.

La kwanza. Katika barua yako ya awali uliandika "kuna mtu anataka." Sasa ni rafiki, tena ni zawadi, tena ni ukuta, tena ni watoto. Ukweli huja na nguo moja. Mgeni anayebadilisha nguo mara nne kwa siku moja ana kitu kwenye sanduku.

La pili. Vifungo havitoki mbali. Vifungo ni kazi ya mkeo, na mkeo alikuwa anavipiga ishirini huku akinisimulia habari za mtaa mzima bila kutazama sindano. Mashati mia moja na arobaini yamelala. Yuko wapi?

Mwaka jana uliniandikia kuhusu bwana mmoja anayepita nyumba kwa nyumba akinunua vitu vya zamani, pasi za mkaa, saa za ukutani, visu. Ulisema alikishika kisu cha baba yako akakitazama kama mtu anayetazama harusi ya mchumba wake wa zamani. Tulicheka. Sasa sicheki. Sisemi kitu, mwanangu. Nasema tu kwamba anayetengeneza cha pili ana mpango na cha kwanza.

Lakini mwalimu hamnyimi mwanafunzi somo. Makali yaondolewe hivi, kabla hujagusa siki wala mbao. Bapa lipashe moto wa mkaa mpaka liwe jekundu na sumaku isilishike tena. Lifukie kwenye majivu makavu, uliache humo mpaka lipoe lenyewe, hata kama ni siku nzima. Feleji italegea. Kisha saga makali kwa tupa mpaka yawe manene kama ukingo wa sarafu. Hapo hata likinolewa wiki nzima halitakata kitu.

Nijibu kwa neno moja. Kisu cha baba yako kiko wapi?

Shangazi yako


19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Neno moja uliloomba ni hili: kipo.

Sasa naomba niongeze mengine, maana umenipima kama nguo kuukuu. Mke wangu hajaenda popote. Yuko hapa, nyuma yangu, anapiga pasi kola. Baba hajambo.

Nami nina swali. Nani amekuandikia? Barua yako ina harufu ya maneno ya mtu mwingine. Mwezi uliopita baba aliniomba stempu. Nilimpa, nikadhani anacheza nayo tu. Kama amekuandikia, niambie alisema nini.

Na kama kuna la zaidi, nalo lisemwe. Kwenye msiba wa bibi ulisema mbele ya watu kwamba kisu kile nusu yake ni chako, kwa sababu bapa bila mpini ni kipande cha chuma. Watu walicheka, baba hakucheka. Ukikitaka, sema unakitaka. Usinizunguke kwa habari za mashati yangu.

Bapa limekaa kwenye majivu siku moja na usiku wake. Nimelisaga, nimeliweka kwenye siki, limekuwa la kijivu kama ulivyosema. Mbao nimezifunga. Ribiti ya katikati nimeishusha. Ila mbao ni nyeupe mno. Ule weusi unapatikanaje?

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo. Maji yamerudi.

Hakuna aliyeniandikia.

Weusi wa mpini ule ni masizi na jasho la miaka arobaini, na wewe huna miaka arobaini. Chukua masizi ya sufuria, uyachanganye na mafuta ya kupakia mbao, upake kwa kitambaa, ufute, uache ukauke. Rudia mara saba. Kila mara sugua mpini mahali ambapo kiganja hukaa, pabaki pamefifia. Usitumie mafuta ya kupikia, yatanata na kunuka. Mara ya saba, usugue kwa kitambaa kikavu mpaka uwe laini kama shavu.

Mpini ukilainika umemaliza. Nimekufundisha yote ninayoyajua kuhusu kazi hii. Sikuulizi tena.

Shangazi yako


24 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya cha karibu miezi miwili. Safari hii sitaandika kwamba wote wazima.

Tarehe kumi na saba Januari, mchana, baba alikuwa amelala. Mke wangu akaingia kuchukua shati lake la kufua. Baba akaamka. Nilikuwa kwenye cherehani, nikasikia: "Wewe ni nani? Nani kakuingiza humu?" Mke wangu akacheka, akadhani ni utani. "Baba, ni mimi, mkweo." Akasema, "Mkwe wangu ni mwembamba." Kumbe hakuwa anatania. Kisu kilikuwa kiunoni mwake kama siku zote, akakichomoa. Mke wangu akakishika bapa kwa kiganja cha kulia ili kisimfikie tumbo.

Vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Ndiyo habari ya vifungo. Ndiyo habari ya mstari uliokuwa unautafuta nyuma ya karatasi.

Ni yeye aliyeniambia ninyamaze. Damu bado inatoka, ameinamia beseni, ananiambia: "Ukisema, kesho ndugu watakuja na maneno, na baba atafungiwa chumbani kama mbuzi." Nikanyamaza. Tuliwaambia watu ni mkasi. Kisu nikakificha ndani ya jora la kitambaa cha sare.

Tangu siku hiyo baba alikuwa anakitafuta. Chini ya cherehani, kwenye debe la unga, mifukoni mwa wateja. Mama mmoja alikuja kupima gauni, baba akamwambia, "Nyoosha mikono juu," akanyoosha, akijua anapimwa, kumbe anapekuliwa. Tulicheka siku hiyo, kisha hatukucheka tena. Akaacha kula. Akasema ameibiwa na mtu wa humu ndani. Ndipo nikakuandikia. Nilitaka kimoja cha kumridhisha, kisichokata. Sikuwa na mpango na yule bwana wa vitu vya zamani, wala sijamwona tangu mwaka jana.

Tarehe nne mwezi huu nikampa. Nikasema, "Baba, kimepatikana, kilikuwa nyuma ya kabati." Akakipokea kwa mikono miwili. Kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye ribiti ya katikati. Akatabasamu, Shangazi. Akasema, "Hapa ndipo Dada alipokosea. Siku hiyo alilia, akasingizia moshi."

Nilitaka kukupigia simu palepale.

Kisha akakiinua mpaka sikioni, akaligonga bapa kwa ukucha. Mara moja. Mara ya pili. Uso wake ukafunga kama mlango. "Hiki hakikufuliwa na mimi," akasema. "Hiki kimekufa." Akanitazama. "Kwanza mmekiiba. Sasa mnanifanya mjinga."

Nilikwenda kumwita mke wangu; niliporudi, baba alikuwa ametoka. Tulimtafuta mpaka jioni ya siku ya pili. Wachomea vyuma wa upande wa pili wa soko ndio waliompata, amekaa karibu na moto wao, hana viatu, nyayo zimeungua kwa lami, anawaomba tupa. Walimwambia, "Mzee, tupa ya nini?" Akawajibu, "Nina kazi imelala."

Nyayo zinapona. Ila sasa hapokei kitu mkononi mwangu. Hata maji ninayompa anayanusa. Anapokea kwa mke wangu tu, kwa mkono uleule, na kila siku anamuuliza, "Nani kakukata hivi, mwanangu? Niambie nimfuate." Naye anajibu, "Ni mkasi, baba." Kaka wa mke wangu amekuja na kufuli. Liko juu ya kabati, bado liko kwenye karatasi yake ya dukani. Anasema mwisho wa mwezi ujao atakuja kulifunga mwenyewe kama mimi sina moyo.

Shangazi, wewe uliishi kwenye moto ule pamoja naye tangu utoto. Ulijua habari ya ukucha?

Mwanao

(Hapa chini ni mimi. Naandika kwa kushoto, kwa hiyo Mwalimu Tupa usinipe alama. Siku zote nilikuwa na la kukutania. Leo sina. Tusaidie.)


3 Juni

Mwanangu, na wewe mkwe wangu wa mkono wa kushoto,

Marahaba. Alama nimekupa, mkwe wangu, kumi kwa kumi, na nimeisoma barua ile nikiwa nimesimama mpaka goti likanikalisha kwa nguvu.

Nilijua.

Hakuna kisu kilichotoka mikononi mwa mdogo wangu bila kupita sikioni mwake. Mpini ukiisha kulainika, alikigonga kwa ukucha. Kikiimba, kinapewa mteja. Kisipoimba, kinarudi motoni. Na kila mhunzi anajua kwamba feleji iliyolazwa kwenye majivu hupoteza mlio, hulia kizito kama kifuniko cha sufuria. Nilikufundisha majivu, nikakuficha ukucha. Nilifanya kwa makusudi. Niliamini umeuza kisu halisi na unataka kumbambikia baba yako cha bandia, nikasema moyoni, basi uongo huu ukamatwe na sikio lake. Umekamatwa. Nyayo zilizoungua ni zake.

Pia nilikuambia hakuna aliyeniandikia. Baba yako aliniandikia. Barua yake ilifika siku mbili kabla ya nyuzi zako. Nainakili hapa: "Dada, kisu changu kimeibwa na mtu wa humu ndani. Usiseme." Ni hayo tu. Ila sentensi hiyo ameiandika mara tatu kwenye ukurasa mmoja, moja chini ya nyingine, kana kwamba kila mara ndiyo mara ya kwanza. Mwalimu wa miaka thelathini na mmoja nikaitazama karatasi ile nikajiambia, amekazia neno. Sikutaka kuona. Nilipokuja kwenu mara ya mwisho aliniuliza mara mbili kama mama yetu amekwisha kula, na mama yetu tulimzika wote wawili. Nilijibu mara zote mbili, "Amekula," nikapanda basi nikarudi. Ilikuwa rahisi kwangu kukushuku wewe kuliko kulisema hilo.

Sasa kazi, maana majuto hayapigi vifungo.

Mpeleke kwa daktari, na umweleze yote, hata ya beseni. Mkono wa mkeo pia uonwe. Vidole visivyokunjika huweza kufundishwa upya vikiwahiwa. Hilo usingoje nije.

Kile kisu ulichompa kiondoe nyumbani. Sikio lake limekwisha kukihukumu, na hukumu yake haina rufaa. Usijaribu kutengeneza kingine kinachoimba. Kisu kinachoimba kinakata, na hicho ndicho tunachokikimbia.

Lakini fikiri jambo moja, ambalo nami sikulifikiri mpaka niliposoma alichowajibu wachomea vyuma. Hakuwaomba kisu. Aliwaomba tupa. Alisema ana kazi imelala. Tumekuwa tukimtafutia kisu, yeye anatafuta kazi. Na mdogo wangu, tangu namjua, hajawahi kukigonga kwa ukucha kitu ambacho hakijaisha. Ungemwekea sikioni chuma chenye mpini wa kukwaruza, angekusukuma mkono: hakijawa kisu bado. Kazi haiulizwi kama inaimba. Kazi inafanywa.

Kwa hiyo hatutampa kitu kilichokwisha. Mtafutie kipande cha mbao ngumu, kikavu, kikubwa kuliko mpini, chenye kona zote nne na alama za msumeno. Usikilainishe hata kidogo. Mimi nilikufundisha usugue mara saba. Hizo saba ni zake. Mwekee kwenye benchi mbele ya cherehani yako, mahali ambapo unamwona na yeye anakuona. Bapa butu litafuata baadaye, na kama mbao zinamtosha, lisifuate kabisa. Akikaribia kumaliza, mletee kipande kingine. Miti haijaisha duniani.

Usimwambie kimepatikana. Usimwambie ni chake. Usimwambie uongo wowote, hata mzuri. Kwa kuwa hapokei kitu mkononi mwako, mkeo ndiye ampe, na aseme maneno haya tu: "Baba, kuna kazi." Ni kweli, ipo.

Kisu halisi kitoke kwenye jora la kitambaa kabla hujakikata pamoja na sare za watoto wa watu. Akitunze mkeo, mahali anapopajua yeye peke yake. Ile nusu niliyodai kwenye msiba ni kweli niliitaka, nawe ulinisoma vizuri. Sasa nampa yeye. Ameishika kwa gharama kubwa kuliko sisi sote.

Nafika tarehe kumi na nne. Goti litalalamika njia nzima, nami nitaliacha lilalamike. Nitapiga vifungo vilivyobaki. Kaka wa mkeo akija na bisibisi yake, atanikuta mlangoni. Mniwekee kiti pembeni ya mdogo wangu, na mbao moja yangu pia. Akiniuliza kama mama amekula, safari hii nitakaa.

Kufuli liacheni kwenye karatasi yake. Leo, kabla hujakanyaga cherehani, mpe mkeo mbao na msasa ampelekee baba yako.

Shangazi yako